Jembe la Nyuzi Nne

Kashozi, Bukoba
7 Julai 2025

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama unaumwa basi upone kabla hujafika mwisho, maana kuna kazi. Sisi hatujambo. Migomba imezaa vizuri, isipokuwa ile ya upande wa kanisa ambayo sijui ina ugomvi na nani. Mama yako Mdogo Modesta hajambo. Bata wake nao hawajambo, na ni wengi kuliko tulivyokubaliana, kama kweli tulikubaliana.

Masikio yangu ni yaleyale, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu wewe unapiga kelele, mimi napiga kelele, na Mkuyuni nzima inajua nimekula nini mchana, ila mimi sijui umesema nini.

Sasa jambo lenyewe. Nathaniel, kondakta wa basi aliyekupa barua hii, amekupa pia mzigo mrefu uliofungwa blanketi na majani ya migomba. Ni gitaa langu la besi. Naomba uliuze.

Najua umekaa chini. Baki hapohapo. Gitaa hilo lilitengenezwa Japani mwaka 1977. Mjapani aliyekuwa akifundisha mafundi wa boti pale Bukoba ndiye aliyeniachia alipoondoka. Nyuma ya shingo kuna namba 43, na si kwamba yalitengenezwa mengi. Mnunuzi apige mbele ya macho yako. Awe na kucha fupi. Asiwe mtu wa kwaya, maana wataliegesha pembeni na kulitundikia majoho. Na kile kiswichi kidogo cha chini kisiguswe. Yule Mjapani alinieleza jambo kubwa kuhusu kiswichi hicho, kwa Kijapani, nami nikaliheshimu mpaka leo.

Usiniulize kwa nini nauza. Na usimwambie Mama yako Mdogo. Nimemwambia limekwenda kupakwa rangi.

Ni mimi Baba yako Mdogo, ninayekusikia kwa karatasi,
Jovinary

*

Mkuyuni, Mwanza
19 Julai 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu na dagaa kilo mbili. Wakifika kilo moja na nusu, umuulize Nathaniel. Sisi wazima. Sharon wangu amefaulu hesabu na kufeli usafi. Biashara ya vyombo vya plastiki inakwenda hivyohivyo. Msimu wa harusi ukifika mabeseni yatatoka.

Mzigo umefika salama. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, Nathaniel anajisifu kama vile alilijenga yeye. Nililitundika gitaa ukutani, kati ya ndoo na vikapu vya nguo chafu, na tangu hapo sijapumzika. Mzee Shigela wa duka la misumari ameuliza linatumia betri ngapi. Mama mmoja alitaka ule mkanda tu, gitaa nibaki nalo. Bwana mmoja mwenye tai alihesabu nyuzi, akakuta nne, akasema gitaa kamili lina sita, kwa hiyo nimpunguzie bei ya nyuzi mbili. Nilimweleza kuhusu besi. Akanihurumia, akasema nimeibiwa.

Wa kucha fupi hajapatikana. Nimeweka picha ya gitaa kwenye lile kundi letu la simu la Ukoo na Wakwe, pengine mmoja wao anajua mtu.

Umeniambia nisiulize kwa nini, sikuulizi. Lakini uliwahi kulipa nauli ya gitaa hilo kama abiria na wewe ukasimama. Nami nina macho.

Mwanao,
Prudencia

*

Kashozi
2 Agosti 2025

Prudencia,

Marahaba. Dagaa walifika kilo moja na robo. Sisi wazima.

Kundi la Ukoo na WAKWE? Shemeji yangu Mutayoba yumo humo? Yule ndugu yake Modesta anayekaa Nyakato? Itoe hiyo picha leo. Kama imeshindikana, weka picha nyingine nyingi juu yake, za harusi, za misa, za mabeseni, mpaka izame.

Kuhusu Mutayoba sina la kuongeza.

Baba yako Mdogo

*

Mkuyuni
30 Agosti 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Barua yako ilikaa wiki tatu kwenye suruali ya Nathaniel ambayo hakuivaa. Sharon hajambo, ila ameng'oka jino.

Umechelewa. Siku nne baada ya picha, Mzee Mutayoba aliingia dukani amevaa koti la kwendea misa. Nilimsalimia, nikampa kiti. Hakukaa. Alitazama ukutani muda mrefu, kisha akasema, "Prudencia, jembe letu linafanya nini dukani kwako?"

"Jembe lipi, Mzee? Mimi nauza plastiki."

Akanyoosha kidole kwenye gitaa. "Lile pale. Jembe la mama yetu."

Nikadhani uzee umemfika. Akatoa mfukoni picha ya mahari yako ya mwaka 1983. Nimeiona kwa macho yangu: mbuzi wawili, blanketi, kanzu, vibuyu vya pombe ya rubisi, na mwisho wa mstari, limelazwa kwenye majani kwa heshima zote, gitaa lako la besi.

Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi na kukaa chini ya gitaa. Anasema analinda jembe. Anakunywa chai yangu vikombe viwili, na mteja akilisogelea anakohoa.

Na sasa sikia. Amekuja mtu wa Shirati anaitwa Okwach, mpiga besi wa bendi ya benga. Picha ilitokaje kwenye kundi letu mpaka Shirati sijui, lakini picha za familia zina miguu. Alilishusha, akasoma ile namba 43, akavua kofia. "Mama," akaniambia, "kitu kama hii mnaweka karibu na ndoo?" Kucha zake fupi, Baba Mdogo. Akalipiga polepole bila hata spika, na wauza nyanya wakaacha kuita wateja. Ana fedha mkononi.

Mzee Mutayoba akasimama, akasema, "Jembe haliuzwi."

Okwach akaniuliza kwa upole kama huyu mzee ana mtu wa kumwangalia.

Nieleze. Safari hii nauliza kwa nini.

Prudencia

*

Kashozi
21 Septemba 2025

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na jino la Sharon, amwambie panya alete jingine. Hapa mvua zimeanza. Mimi nina afya. Siku hizi namenya ndizi mwenyewe, kwa mazoezi ya vidole. Mama yako Mdogo ana shughuli.

Kuhusu lile jembe. Kwa kina Modesta, mahari bila jembe la mama mkwe haijakamilika. Binti akiondoka, mama amepungukiwa mikono miwili shambani, basi mkwe anampa jembe la kumsaidia. Mwaka 1983 majembe hayakuwepo. Vita ilikuwa imepita, maduka yalikuwa na rafu na mwenye duka tu. Nilitafuta mpaka Biharamulo. Siku ya mahari ikafika na mimi sina jembe, ila nina gitaa, nalo ndilo kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho. Mshenga wangu, marehemu, alikuwa na ulimi mzuri. Akasema, hiki kina mpini, kina kichwa, na kijana huyu hulima nacho chakula chake. Mama mkwe, Bibi Eugenia, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema atalipokea mahali pa jembe mpaka jembe lipatikane, na akaniazima nikafanyie kazi.

Baadaye majembe yalipatikana. Kwanza nilikuwa safarini na bendi. Halafu wakaja watoto. Halafu nikaona haya, kwa sababu jembe likichelewa miaka kumi huwezi kulipeleka bila kueleza. Basi kwa miaka arobaini na miwili nimekuwa nikipiga gitaa la kuazima la mama mkwe wangu.

Bibi Eugenia yu hai, ana miaka tisini na moja, na hajasahau.

Ninunulie jembe hapo Mwanza, nimpelekee, mambo yaishe.

Jovinary

*

Mkuyuni
5 Oktoba 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima, Mzee Mutayoba naye mzima, anakusalimu kwa kukunja uso.

Jembe nimenunua, analo Nathaniel. Okwach amekubali kungoja mpaka Krismasi. Anapiga simu kila Jumamosi kuuliza hali ya gitaa, na anataka nimsogezee simu asikie kimya chake.

Mambo mawili. La kwanza, kiswichi. Okwach alikuja na spika yake ndogo, akakigusa kabla sijamzuia. Sikutaka kukuambia, lakini nitakuambia. Mlio ulikuwa mara mbili, Baba Mdogo. Mabeseni yalitetemeka, sahani zikashuka zenyewe kutoka rafu ya juu. Okwach anasema kimezimwa tangu siku ulipopewa. Miaka yote hiyo umepiga nusu ya gitaa. Nisamehe.

La pili. Wewe kumenya ndizi? Mtu aliyeunguza sufuria mbili akichemsha maji? Mama Mdogo yuko wapi? Usiniandikie kuhusu migomba. Niandikie hilo tu.

Prudencia

*

Kashozi
18 Oktoba 2025

Prudencia,

Mama yako Mdogo ameondoka. Yuko kwa mama yake Kamachumu tangu Agosti. Amechukua sanduku moja, akaniachia bata.

Hebu nikueleze, nikichelewa nitaona haya tena. Miaka mitano sasa simsikii Modesta. Nilisimama mbele ya spika kubwa miaka thelathini, na hayo ndiyo malipo yake. Wanaume nawasikia kidogo, radio nasikia ngurumo. Sauti yake ndiyo iliyopotea kabisa, kwa sababu ni nyembamba. Niliona aibu kumwambia arudie kila neno, basi nikawa natazama midomo, ikisimama nasema "ndiyo, mke wangu". Kwa ndiyo hizo nimefuga bata ishirini na sita. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo vya kigango. Ni baba wa ubatizo wa watoto watatu ambao majina yao siyajui.

Mwezi wa sita daktari alinipima, akasema kuna vifaa vya masikio, huko Mwanza wanaviweka. Ndiyo maana nauza. Sikutaka Modesta ajue, maana angekataa, na mimi ningesema ndiyo bila kujua amekataa.

Mutayoba alipoliona lile jembe lenu la dukani, akampigia simu dada yake. Modesta akaja kusimama mbele yangu nikiwa napalilia. Akaniuliza maneno mawili. Jirani ndiye aliyeniandikia baadaye. La kwanza, "Ni kweli jembe la mama hukulipeleka?" La pili, "Ni kweli unauza gitaa la harusi yetu kwa siri?"

Mimi nilitabasamu. Nikasema ndiyo, mke wangu. Mara zote mbili.

Akasema kama jembe halikwenda, basi hapa alikuwa mgeni miaka arobaini na miwili, na mgeni hulima halafu huenda kwao. Mwanangu, nimeumia. Nauza gitaa nimsikie Modesta, na kwa kuuza gitaa nimebaki na bata.

Lile jembe lako nilimtuma mtu alipeleke. Bibi Eugenia aliligonga kwa ukucha, akasema hili ni la kupakulia wali. Anataka la kufuliwa, zito, la kama zamani. Na nilipeleke mwenyewe.

Kuhusu kiswichi, usisikitike. Nusu ilitosha kunipatia Modesta. Gitaa zima lingeniletea matatizo.

Jovinary

*

Mkuyuni
2 Novemba 2025

Baba yangu Mdogo,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikacheka, halafu nikalia, wateja wakaondoka.

Nilimsomea Mzee Mutayoba barua yako. Usikasirike. Alimaliza chai, akasema, "Kumbe hasikii! Mimi nilijua anatudharau." Kisha akanishika mkono, tukaenda Nyakato kwa mhunzi anayefua majembe kwa chuma cha springi ya lori. Alikataa mawili. La tatu alilinyanyua, mgongo ukalia, akasema hili mama atalitambua. Amelilipia yeye. Ndiye mlinzi wa jembe, amesema ana haki.

Nathaniel amelipokea analalamika uzito. Nenda, Baba Mdogo. Na usimjibu mtu yeyote ndiyo.

Prudencia

*

Kashozi
23 Novemba 2025

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Senene wameanguka kwa wingi, nakutumia ndoo moja. Nathaniel nimemwapisha.

Nilikwenda Kamachumu Jumamosi, nimevaa suti ya bendi, ile ya bluu, na jembe begani. Suti hainifungi tena, lakini jembe lilificha. Nikapiga magoti mbele ya Bibi Eugenia, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alilipima, akaligonga kwa ukucha. Lililia vizuri, hata mimi nililisikia. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo refu, akinyoosha kidole shambani, akanitazama akingoja.

Nilikumbuka onyo lako. Lakini mtu wa miaka tisini na moja amekutazama, midomo imesimama, utafanya nini? Nikasema ndiyo, mama.

Kumbe aliniuliza, "Je, utalijaribu mpaka kwenye mgomba wa mwisho?"

Prudencia, shamba la mama mkwe wangu ni kubwa. Nilivua koti nikaanza saa tatu asubuhi. Nililima kwa suruali ya bendi mbele ya wajukuu, majirani na katekista aliyekuwa akipita. Saa saba nilikaa kidogo. Bibi akagonga fimbo, nikasimama. Dirishani nilimwona Modesta, akitazama na kuacha kutazama. Saa tisa na nusu nilifika kwenye mgomba wa mwisho, nikaukumbatia, maana miguu ilikuwa imeondoka.

Modesta akatoka na kikombe cha maji. Akachukua jembe mkononi mwangu, akampelekea mama yake, kisha akarudi akasimama mbele yangu. Akasema neno.

Sikusema ndiyo. Nikasema, "Modesta, sikusikia. Miaka mitano sikusikii."

Akarudia. Sikusikia. Akarudia tena, nikaona analia. Ndipo akaokota kijiti, akainama, akaandika kwa herufi kubwa kwenye udongo nilioulima: TWENDE NYUMBANI.

Gitaa sasa ni langu, Bibi Eugenia amelirudisha mbele ya mashahidi. Modesta mwenyewe amesema uza. Nilimwomba aandike, akaandika.

Jovinary

*

Mkuyuni
20 Desemba 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo Mama Mdogo, najua unasoma naye. Senene nimewapokea ndoo nzima. Kiapo kina nguvu.

Gitaa limekwenda jana. Okwach alikuja na boksi lenye manyoya ndani, akalilaza humo polepole na kulifunika. Kabla hajafunga, Mzee Mutayoba alisimama akatoa hotuba ya kuliaga jembe. Ilikuwa ndefu. Ametaja mvua, ardhi na uzao. Okwach alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia amina, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anatakiwa kulima nalo.

Fedha ipo kamili, na hospitali nimekupatia nafasi tarehe kumi na tatu Januari. Njoo na Mama Mdogo. Mzee Mutayoba bado anakuja kila asubuhi. Ukuta uko wazi, lakini amezoea chai.

Prudencia

*

Kashozi
8 Februari 2026

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Tulifika salama, na asanteni kwa wiki ile yote. Nisamehe nilivyoondoka Mwanza bila kusema mengi. Mji wako una makelele, na nilikuwa nimeyapokea yote kwa mara moja. Usianze kunipigia simu kwa sababu sasa nasikia. Barua zako nimezizoea.

Bata wana kelele mno. Nilikubali wanyama ambao sikuwahi kuwasikia. Kamati ya vyoo nimejiuzulu, wakaniuliza kama nina uhakika, nikasikia swali vizuri kabisa.

Lakini nataka kukuambia la juzi. Jioni nilikuwa nyuma ya nyumba na Modesta yuko jikoni anamenya ndizi. Nikasikia mtu anavuma kwa mdomo, dum, dum-dum, chini kabisa, kwa sauti ile nyembamba isiyofaa kwa kazi hiyo. Ni besi, Prudencia. Ni besi yangu ya wimbo tuliofungulia harusi yetu. Nilisimama na ndoo mkononi mpaka maji yakaniingia kwenye viatu.

Nikaingia, nikamuuliza ameanza lini kuvuma hivyo. Akanishangaa. "Kila jioni," akasema. "Miaka yote. Nilidhani unasikia." Miaka ya bendi, jioni mimi sikuwepo nyumbani; baada ya bendi, masikio ndiyo hayakuwepo.

Akaendelea kumenya, akaendelea kuvuma. Anakosea noti ya tatu. Anaipandisha mahali pa kuishusha, halafu anairuka ya nne kabisa, na amefanya hivyo miaka arobaini na miwili.

Akaacha kisu, akanitazama. Akasema, na nilisikia kila neno, "Naipatia, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, mke wangu.

Baba yako Mdogo,
Jovinary